Umeme wa usiku wanauweka wapi?

Hajati alikuwa ameshika kikombe cha chai mkono mmoja na simu mkono wa pili, na kwenye simu kuna mtu wa Ariwara anangoja aambiwe bei. Huyo mtu anataka betri mbili za sola za Hajati, zile nzito za gel, pamoja na inveta yake, avibebe avuke navyo upande wa Kongo. Hajati anauza barafu na juisi ya ukwaju hapa Oli, ana friza moja kubwa mlangoni, na tangu umeme wa gridi ufike Arua anaona hizo betri zinamkalia nafasi tu.

"Mwanangu, wewe unasomasoma haya mambo. Niuze nisiuze?"

Kabla sijamjibu akaongeza la pili.

"Mimi umeme wangu wa usiku nauweka kwa betri. Hawa wa bwawa la Karuma, wa kwao wanauweka wapi?"

Yule wa Ariwara akaambiwa apige kesho. Mimi nikarudi dukani kwangu kwenye fotokopi, na lile swali likanifuata wiki baada ya wiki, niko kwenye mashine nawaza, niko nyuma ya boda nawaza, usiku taa za mtaa mzima zimewaka nawaza, hivi kweli unawekwa wapi?

Jibu la haraka

Jibu la haraka ni kwamba hawauweki popote. Taa inayowaka kwako sasa hivi inakula umeme uliotengenezwa sasa hivi, maji yamesukuma tabaini, tabaini imezungusha jenereta, waya umeleta, basi. Umeme wetu unapiga mawimbi 50 kwa sekunde nchi nzima kwa pamoja, na hiyo 50 ndiyo watu wa chumba cha udhibiti wanailinda usiku na mchana. Saa 1 jioni watu wakirudi nyumbani wakawasha taa, TV, pasi na birika kwa mkupuo, jenereta zote zinalemewa, mwendo unaanza kushuka chini ya 50, na hapo hapo milango ya maji lazima ifunguke zaidi ili mwendo urudi. Ikichelewa, mwendo ukashuka sana, mitambo yenyewe inaanza kukata maeneo ili isiharibike.

Kwa hiyo hakuna stoo ya umeme Karuma. Ningeweza kumjibu Hajati hivyo na mambo yakaisha.

Lakini hapo nikaona kuna kitu kinakosekana. Ile milango ikifunguka, maji yanatoka wapi? Si yalikuwepo yakingoja? Dizeli nayo inangoja kwenye tangi. Kule Kakira, kwenye kiwanda cha sukari, wanachoma makapi ya miwa kutengeneza mvuke wa kuzungusha jenereta, na yale makapi yamelala lundo yakingoja. Kumbe kila umeme una kitu kilichongoja kabla yake, na swali la Hajati ni zuri kuliko jibu langu. Tulichozoea kuuliza ni umeme unatokana na nini, maji au jua au mafuta. Yeye aliuliza unangoja wapi.

Miaka ya dizeli

Watu wa Arua sihitaji kuwaeleza ile miaka. Kila mtu ana kumbukumbu yake ya jenereta, ya welda amekaa juu ya mlango aliouchomelea nusu, ya nyama iliyooza.

Nachotaka kusema ni kuhusu ghala. Dizeli ni ghala zuri ajabu, lita moja ina joto la kama uniti 10 (uniti ni kilowati-saa moja), ila jenereta ikiichoma wewe unapata uniti 3 hivi, zingine zote zinaondoka kwa moshi na joto na kelele. Inakaa kwenye pipa miezi bila kupungua, unaiwasha saa yoyote. Shida yake ni kwamba tangi likikauka lazima lori litoke mbali, bei yake inapangwa mahali ambapo hakuna mtu wa Arua anayekaa, na lori likikwama mji mzima unalala giza.

Halafu 2012 likaja bwawa dogo la Nyagak kule Zombo, megawati 3 na nusu. Hapo ghala letu likawa mvua ya milima ya Paidha. Mafuta hayanunuliwi, ni kweli, lakini mto mdogo una tabia zake, masika umejaa, kiangazi umekonda, na bwawa lake haliwezi kushika maji ya mwezi wa 8 liyatunze mpaka mwezi wa 2.

Mwaka 2024 laini kubwa ya gridi ikafika. Na mimi nikajiuliza, sasa ghala letu liko wapi?

Uniti moja ina uzito gani

Nilikaa na kalamu na kikokotoo nyuma ya risiti za duka. Karuma maji yanashuka kama mita 70, na mtambo wenyewe uko chini ya ardhi, mashine 6 za megawati 100 kila moja. Ukichukua tani moja ya maji ukaiangusha mita 70, halafu utoe kile kinachopotea kwenye mashine, hupati hata robo ya uniti. Ili uipate uniti moja nzima ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, unahitaji tani kama 6 za maji.

Tani sita. Uniti moja.

Pale Jinja, Nile inapotoka ziwani, ambako maji yanaanguka kama mita 20 tu, uniti hiyo hiyo inataka tani 20 hivi.

Sasa geukia betri moja ya Hajati, volti 12, ampea-saa 200. Ukizidisha unapata uniti 2.4, na kwa kuwa betri za aina hiyo hazipendi kushushwa chini ya nusu, anazotumia bila kuziua ni uniti 1.2. Yaani kile kitu kilicholala chini ya meza yake kinafanya kazi ya tani 7 za maji ya Karuma, na kesho jua likichomoza kinajaa tena. Na paneli ya wati 250 juu ya bati, siku ya jua zuri, inampa uniti moja hivi, sawa na theluthi ya lita ya dizeli.

Hizi hesabu zilinibadilisha. Nilikuwa naona maji ni nguvu kubwa na betri ni kitu cha maskini wa umeme. Kumbe maji ni dhaifu sana kilo kwa kilo, nguvu yake inatoka kwenye wingi. Na wingi wenyewe sio Karuma.

Ghala liko Jinja

Bwawa la Karuma halishiki maji mengi. Linapokea mto unavyokuja, linaweza kuchelewesha maji ya masaa kadhaa ili yatumike jioni, ni jerikeni tu pembeni ya mto. Ghala lenyewe ni ziwa, hili tunaloliita Victoria na Waganda wanaliita Nalubaale, eneo la kilomita za mraba karibu 68,800.

Chukua sentimita moja tu ya ziwa hilo. Sentimita, urefu wa kucha. Ipitishe Nalubaale, ile stesheni ya zamani iliyofunguliwa 1954 ikiitwa Owen Falls, na unapata umeme wa kama uniti milioni 30. Stesheni hiyo ya megawati 180 ikizunguka kwa nguvu zake zote usiku na mchana, sentimita moja inailisha wiki nzima. Na maji hayo hayo hayajaisha kazi, yanashuka bwawa la Bujagali yanapiga tena, la Isimba yanapiga tena, yanapita ziwa Kyoga, yanafika Karuma yanapiga tena kwa zile mita 70.

Sijui kama kuna betri duniani unayoweza kuiweka pembeni ya hiyo.

Na inajazwa na nani? Kwa sehemu kubwa na mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa, mito inaongeza kidogo. Kwa sehemu kubwa inamalizwa na jua, maji mengi yanaondoka kwa mvuke kuliko yanayotoka na Nile.

Nilipofika hapo nikataka kukimbia kwa Hajati, jibu limepatikana, wanauweka ziwani! Lakini nikakumbuka 2005 na 2006.

Ghala lina sheria

Wenye umri wangu tunaukumbuka ule mgao, Kampala leo upo kesho haupo, na jenereta kubwa za dizeli zikaletwa nchini kuziba pengo kwa gharama ambayo tuliilipa miaka mingi. Ziwa lilikuwa limeshuka vibaya. Ukame ulikuwepo, lakini mtaalamu wa maji Daniel Kull alifanya hesabu zake 2006 akasema zaidi ya nusu ya kushuka kwa miaka hiyo ya mwisho ni maji yaliyotolewa kupita kiasi na stesheni mbili za Jinja, Nalubaale na Kiira.

Kupita kiasi gani? Kuna mkunjo, yaani mstari wa grafu, uliochorwa tangu enzi za mkoloni na kukubaliwa na Misri, unasema ziwa likiwa na kina hiki, toa maji haya. Kabla ya bwawa, mwamba wa Ripon Falls ndio uliokuwa unapima maji yatoke kiasi gani, ziwa likipanda yanatoka mengi, likishuka yanatoka machache. Bwawa liliufunika ule mwamba, na watu wakaahidi kwamba watafungua milango kama mwamba ungefanya. Ndiyo ahadi yenyewe. Hairuhusu mtu kusema mwaka huu tunataka umeme zaidi, tufungue.

Kwa hiyo ziwa ni betri ambayo funguo zake tunashikilia pamoja na Kenya na Tanzania walioko ufukweni, na Sudan Kusini, Sudan na Misri walioko chini. Wavuvi wa Kisumu na Mwanza waliona gati zao zimebaki kwenye matope ile miaka. Halafu 2020 ziwa likapanda mpaka likavunja rekodi ya 1964, na mashamba na nyumba za watu wa fukwe zikazama. Kati ya ule upungufu na ule mfuriko ni karibu mita 3.

Naamini hii ni haki. Ghala la watu wengi hivyo halifai kuchotwa na mmoja. Lakini ina maana kwamba tukitaka umeme mwingi zaidi wa jioni hatuwezi kuuchota ziwani kila tukitaka, lazima tupange saa gani maji yetu ya siku yatoke.

Jua halingoji

Hapo ndipo sola ilinisumbua zaidi. Nchi ilijenga mitambo ya sola Soroti 2016, ikafuata Tororo, Kabulasoke na Mayuge, kumi megawati hapa, ishirini pale. Na kila nikiwaza nasema, hawa wamejenga kitu ambacho saa 1 jioni kimelala, na saa 1 jioni ndiyo saa nchi inataka umeme kuliko saa zote. Paneli bila betri, usiku ni bati la kioo. Kwa nini?

Nilikaa na hilo siku nyingi. Jibu halikutoka kwenye kitabu, lilitoka kwa friza ya Hajati.

Kabla gridi haijafika, yule mama hakuwa anaendesha friza kwa betri. Aliendesha friza mchana, jua likiwa kali, moja kwa moja kutoka kwenye paneli kupitia inveta, akagandisha mifuko yake ya maji mpaka inakuwa mawe. Jioni anaizima kabisa. Betri zinabaki na kazi ya taa, simu na redio. Barafu inakaa usiku kucha kwenye friza iliyofungwa vizuri na asubuhi bado anauza.

Yaani alikuwa anaweka umeme kwenye barafu!

Na si yeye peke yake. Vituo vya afya vijijini vina friji za chanjo za aina hiyo, paneli inaendesha kompresa, kompresa inagandisha barafu ukutani mwa friji, barafu inalinda chanjo usiku, betri ya kuwekea umeme hamna. Kilo 10 za barafu zikiyeyuka zinanyonya joto la karibu uniti moja, na zinagharimu maji tu. Haziishi nguvu baada ya miaka mitatu, na Arua hapa joto la chini ya bati linaua betri za asidi, hizi za gel zikiwemo, mapema sana, ukiongeza nyuzi 10 maisha ya betri yanakwenda nusu. Mwenye kisima anapampu maji mchana na tangi la juu linangoja. Mwenye mashine anasaga mahindi saa 6 na unga unangoja.

Nikaona basi Soroti inafanya nini. Saa 6 mchana paneli zikileta megawati zao, milango ya Jinja inaweza kufungwa kidogo kwa kiasi hicho hicho, maji yanabaki nyuma ya bwawa, na saa 1 jioni yale yaliyobaki yanashushwa. Mkunjo unahesabu maji ya siku, na ndani ya siku kuna nafasi ya kupanga masaa. Jua halikuwekwa kwenye betri yoyote. Lilifanya kazi ya mchana ili maji yangoje.

Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi, tangu 1981 wana mtambo wa Drakensberg wenye megawati 1,000 na sasa wa Ingula wenye 1,332, ambako umeme wa saa za watu wachache unatumika kupampu maji mlimani, na jioni yanaachiwa. Wanapoteza kama robo ya umeme njiani na bado inawalipa. Sisi mto umetupa mteremko bure, hatuna haja ya kupampu, tuna haja ya kupumzisha maji mchana.

Hapa kuna kikwazo na sitaki kukiruka. Maji yaliyopumzishwa Jinja asubuhi hayafiki Karuma jioni ile. Katikati kuna Kyoga, ziwa pana la kina kifupi lenye mafunjo, linameza mawimbi yote ya Jinja na kutoa mto uliotulia. Kwa hiyo mchezo huu wa mchana na jioni unawezekana kwa Nalubaale, Kiira, Bujagali na Isimba, na Karuma inabaki na lile jerikeni lake. Ndiyo maana naona paneli nyingi zaidi huku kaskazini, zikiwa na betri zake kubwa, ni kitu cha kujengwa sasa, tusingoje mpaka tulie.

Kwa nini hakuuza

Aprili 14, 2020 kisiwa cha mafunjo kinachoelea kilisukumwa na upepo mpaka kwenye mitambo ya Jinja na nchi nzima ikawa giza. Agosti 2022 maji yaliingia ndani ya jengo la mitambo la Isimba, megawati 183 zikatoka, mgao ukarudi. Na hapo hatujataja nguzo zinazoanguka na transfoma zinazoungua, na sasa Arua iko mwisho wa waya mrefu unaopita Gulu na Nebbi, mti mmoja ukianguka mahali popote hapo katikati sisi ndio tunaozima.

Nilimwambia Hajati haya yote, na za barafu nilimwambia kwanza. Akacheka sana, akasema kumbe mimi ni injinia. Inveta na betri hakuuza. Alichofanya ni kuiwekea friza swichi ya kuchagua, mchana paneli, jua likikosekana gridi, jioni inazimwa, na betri zimetolewa chini ya bati zikawekwa chumba cha ndani penye hewa. Fundi amemshauri betri hizi zikifa anunue za lithiamu aina ya fosfati, ni ghali kununua lakini zinavumilia kujazwa na kumalizwa maelfu ya mara, hizi za gel ukizimaliza kila siku hata elfu hazifiki.

Bei ya usiku wa manane

Kilichobaki kinaniuma kweli, na nakiandika hapa ili wanaopanga bei wakisome.

Wenye viwanda Uganda wana bei tatu. Saa 12 jioni mpaka saa 6 usiku ni ghali, mchana ni ya kati, saa 6 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni rahisi. Inaeleweka, maji ya jioni yana wateja wengi na ya usiku wa manane hayana mtu. Sisi wa Yaka bei yetu haijui saa. Tunapewa zile uniti 15 za kwanza za mwezi kwa bei nafuu, jambo jema kwa mwenye taa mbili, lakini uniti ya saa 1 jioni na uniti ya saa 9 usiku tunalipa sawa.

Sasa West Nile nzima imejaa betri na inveta zilizonunuliwa enzi za giza, madukani, misikitini, makanisani, shuleni, kliniki. Nyingi sasa zimezimwa au zinauzwa Ariwara kwa bei ya kutupa. Kila moja ingeweza kujazwa na jua mchana, au saa 8 usiku wakati maji yanapita bure, na jioni ikabeba taa za nyumba yake mwenyewe. Ndiyo, kuingiza na kutoa umeme kwenye betri unapoteza kidogo, sehemu moja katika kumi kwa lithiamu, mbili kwa asidi, kwa hiyo bei ya usiku lazima iwe chini ya hapo ili mtu apate faida. Hilo ni hesabu rahisi kwa aliye na mamlaka ya kuipanga, na mita nyingine zinazojua saa zipo tayari kwa wenye viwanda.

Ningependa waanze na wenye friza. Bei ya saa 9 usiku kwa mama anayegandisha barafu, na bei ya jioni ipande kidogo kwake huyo huyo. Atakuwa wa kwanza kuzima.